George Reed na Hesabu ya Yadi Tano

Septemba 22, 2025, kamishna wa Ligi ya Futiboli ya Kanada, CFL, Stewart Johnston, alitangaza mageuzi makubwa ya kanuni. Kwa mujibu wa tangazo hilo, kuanzia msimu wa 2027 uwanja utafupishwa kutoka yadi 110 hadi 100, maeneo ya mwisho, yale ya kufungia pointi nyuma ya mistari ya goli, yatapungua kutoka yadi 20 hadi 15, na milingoti inayosimama kwenye mstari wa goli itahamishiwa nyuma kabisa ya eneo la mwisho. Kabla ya hapo, msimu wa 2026, ile pointi moja iliyokuwa ikipatikana hata kwa teke lililopita tu likatoka nje ya eneo la mwisho inabanwa, na saa ya kuanzisha mchezo inakuwa ya sekunde 35 zinazoanza kuhesabiwa zenyewe tukio lililotangulia linapokwisha, badala ya sekunde 20 zilizokuwa zikisubiri ishara ya mwamuzi. Nathan Rourke, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) Mkanada wa klabu ya BC Lions, aliyapinga mageuzi hayo hadharani. Mashabiki nao wakagawanyika: wapo wanaosema mchezo wa Kanada umeuzwa kwa Wamarekani, na wapo wanaosema umechelewa sana kubadilika.

Nadhani pande zote mbili zimeshika utepe wa kupimia na kuuacha mchezo wenyewe. Roho ya futiboli ya Kanada haikai kwenye yadi 110. Inakaa kwenye majaribio matatu, kwenye upana wa uwanja, na kwenye yadi moja tupu inayomtenga mshambuliaji na mlinzi. Hakuna ushahidi bora wa jambo hilo kuliko maisha ya George Reed, fulbeki, yaani mkimbiaji mzito anayebeba mpira, wa klabu ya Saskatchewan Roughriders, aliyefariki Oktoba 1, 2023, siku moja kabla ya kutimiza miaka 84. Lakini maisha hayohayo yanaonyesha kasoro ya kweli ya mageuzi haya, ambayo mashabiki wengi hawaitaji kabisa. Kasoro hiyo ni nafasi ya wachezaji katika kuamua kanuni wanazozichezea kwa miili yao.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka maelezo kidogo yanahitajika, kwa sababu hoja yote imesimama juu yake. Timu yenye mpira inapewa idadi maalumu ya majaribio ili isonge mbele yadi 10, yaani kiasi cha mita 9. Ikizipata, hesabu inaanza upya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Marekani hutoa majaribio manne, Kanada hutoa matatu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba jaribio la mwisho kwa kawaida halitumiki kusonga mbele. Timu hulitumia kuupiga mpira teke la mbali ili wapinzani waanzie karibu na kwao, au kuupitisha kwa teke katikati ya milingoti kwa pointi 3. Kwa hiyo Mmarekani ana majaribio matatu hasa ya kutafuta yadi zake 10, na Mkanada ana mawili. Ukigawanya, Mmarekani anahitaji yadi 3 na theluthi kila anapojaribu. Mkanada anahitaji 5.

Sasa itazame rekodi ya Reed. Katika misimu 13, kuanzia 1963 hadi 1975, akivaa jezi namba 34, alikimbia na mpira mara 3,243 na kupata yadi 16,116. Ukigawanya tena unapata yadi 4.97 kwa kila mara. Yaani mtu huyu, kwa miaka 13, aliishi juu ya mstari uleule ambao mchezo wa Kanada unaudai. Ukimpa mpira mara mbili mfululizo, kwa wastani ulikuwa na yadi 10 na majaribio mapya matatu. Wanaomsoma kwa macho ya Kimarekani huona jumla kubwa wakashangaa ukubwa wake. Anayeujua mchezo wa majaribio matatu huiona namba 4.97 kwanza, maana ndiyo iliyoijenga ile jumla.

Wastani peke yake unaweza kudanganya, na hapa ndipo kazi ya fulbeki wa Kanada inapokuwa ngumu kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Mkimbiaji anayepata yadi 30 mara moja na sifuri mara tano ana wastani wa 5 vilevile, lakini ameua mashambulizi mengi njiani. Jaribio la kwanza likizaa yadi 5, la pili linabaki na yadi 5, na hapo walinzi hawajui kama utakimbia au utarusha. Likizaa yadi 1, linabaki na 9, kila mtu uwanjani anajua mpira utarushwa, walinzi wanarudi nyuma, na kwotabeki anawindwa. Mara nyingi kosa linalolizaa jambo hilo hutokea mbele ya mkimbiaji, mpira ukiwa ndio kwanza umemfika mkononi: gadi, mchezaji wa safu ya mbele anayemfungulia njia, akichelewa hatua moja ya kwanza, mlinzi wa katikati anapita kwenye mwanya na kumkuta mkimbiaji nyuma ya mstari, na yadi 10 zinazotakiwa zinakuwa 12. Kwa hiyo makocha wa Kanada hawatafuti tu mwenye kasi. Wanatafuta mtu anayeweza kuanguka mbele, yaani hata akikabwa kwenye mstari awe na uzito na miguu ya kuiburuza ile yadi ya pili na ya tatu. Reed alikuwa na urefu wa futi 6 na uzito wa pauni zipatazo 205, akikimbilia katikati, penye vumbi na mabega. Misimu yake 11 kati ya 13 ilivuka yadi 1,000. Miwili iliyokosa ni ule wa kwanza, wenye yadi 751, na wa 1970, wenye 821.

Alizaliwa Vicksburg, Mississippi, Oktoba 2, 1939, akakulia Renton katika jimbo la Washington, akasoma na kucheza Washington State University. Alifika Regina, mji wa Roughriders, 1963, mwaka uleule Ron Lancaster alipofika kutoka Ottawa. Wawili hao walianza pamoja na wakabaki pamoja mpaka Reed alipostaafu. Lancaster alikuwa kwotabeki mfupi mwenye mkono mwepesi, na alimaliza kazi yake akiwa na yadi 50,535 za kurusha. Inafaa kusema wazi kwamba Reed asingekuwa Reed bila yeye, wala bila safu ya mbele iliyoongozwa na senta Ted Urness. Walinzi waliomwogopa Lancaster hawakuthubutu kujazana katikati, na waliomwogopa Reed hawakuthubutu kurudi nyuma. Novemba 26, 1966, kwenye fainali ya Grey Cup, kombe la ubingwa wa CFL, huko Vancouver, Saskatchewan iliishinda Ottawa 29 kwa 14 na kutwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Reed alipata yadi 133 na kutajwa mchezaji bora wa mechi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametajwa mchezaji bora wa ligi nzima kwa msimu wa yadi 1,768. Klabu hiyo ilirudi fainali 1967, 1969 na 1972, ikapoteza zote tatu.

Nguzo nyingine mbili zilizomjenga mchezaji wa aina hii ni upana na ile yadi moja tupu. Uwanja wa Kanada una upana wa yadi 65, wa Marekani 53 na theluthi. Kila upande una wachezaji 12, si 11, na wapokeaji, yaani wanaorushiwa mpira, wanaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstarini kabla mpira haujachezwa. Walinzi wanalazimika kutawanyika, na katikati panakuwa pepesi. Kisha kuna kanuni inayowachanganya wageni: walinzi lazima wasimame yadi moja kamili mbali na mpira. Marekani nafasi hiyo ni urefu wa mpira wenyewe tu, sentimita 28 hivi. Matokeo yake ni kwamba jaribio la tatu likibakiwa na yadi 1, kocha wa Kanada hupiga moyo konde na kusonga, kwa kuwa yadi anayoihitaji haina mtu ndani yake mpira unapoanza kuchezwa. Likibakiwa na yadi 2 mambo ni mengine kabisa. Yadi ya kwanza ni ya bure, ya pili ina mtu wa kilo 130 ndani yake.

Hayo yote, majaribio matatu, wachezaji 12, yadi 65 za upana na yadi moja tupu, hayakuguswa na tangazo la Johnston. Kilichoguswa ni urefu, milingoti na saa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, urefu na milingoti vinabadilisha nini hasa katika hesabu ya yadi 5?

Chukua mfano mmoja. Timu iko kwenye mstari wa yadi 30 wa wapinzani, jaribio la tatu, zimebaki yadi 2. Kwa kanuni za zamani kocha humwita mpigaji teke bila kufikiri mara mbili. Mpira unarudishwa yadi 7 hivi kwa mshikaji, milingoti iko kwenye mstari wa goli, kwa hiyo teke ni la yadi 37. Mtaalamu wa ligi hii hulipata mara nyingi sana, na pointi 3 zinaingia. Milingoti ikirudishwa nyuma kwa yadi 15, teke lilelile kutoka palepale linakuwa la yadi 52. Upepo wa nyanda za Saskatchewan na baridi ya Oktoba huligeuza teke hilo kuwa bahati nasibu. Tena si bahati nasibu isiyo na gharama. Katika futiboli ya Kanada teke lililokosa likiangukia uwanjani au ndani ya eneo la mwisho linaweza kuokotwa na kukimbizwa kurudi, na waliosimama kulinda teke hilo wengi wao ni wanaume wazito wa safu ya mbele, ambao hawawezi kumkimbiza mtu mwepesi katika upana wa yadi 65. Kocha mwenye akili ataanza kujiuliza kama si afadhali kuzitafuta zile yadi 2 kwa miguu.

Na akijiuliza hivyo, anamhitaji nani? Anamhitaji mtu wa kuanguka mbele. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaolia kwamba mageuzi yamemzika Reed mara ya pili. Kwa kuangalia hesabu peke yake, kuhamisha milingoti kunaweza kuwa ndilo jambo litakalompa fulbeki mzito thamani ambayo mchezo wa kurusha ulikuwa umemnyang'anya kwa miaka mingi. Ligi inatangaza mageuzi haya kwa ahadi ya tachidauni nyingi zaidi, yaani mpira kufikishwa ndani ya eneo la mwisho, na hoja yake ina uzito. Milingoti ikiondoka mbele, wapokeaji hawatakwepa tena chuma katikati ya eneo la mwisho. Timu inayoanzia yadi 35 ya kwao itahitaji yadi 65 badala ya 75, sawa na kupunguziwa duru moja nzima ya majaribio. Eneo la mwisho litapungua kutoka yadi za mraba 1,300 hadi 975, ambazo bado ni karibu mara mbili ya zile 533 za Marekani. Kinachokosekana katika ahadi ya ligi ni kukiri kwamba sehemu ya tachidauni hizo haitatoka kwenye mikono ya warushaji. Itatoka kwenye mabega ya watu watakaotumwa kwenye jaribio la tatu, penye msongamano, mara nyingi kuliko zamani.

Upande wa wapinzani una hoja moja nzito. Wanasema leo ni urefu, kesho ni upana, keshokutwa ni majaribio manne. Historia inawapa sababu ya kuogopa. Kati ya 1993 na 1995 ligi ilivuka mpaka na kuanzisha klabu Marekani. Baadhi ya viwanja havikuwa na nafasi. Kule Memphis maeneo ya mwisho yalikatwa vibaya kwa sababu ukumbi ulijengewa mchezo mwingine. Baltimore ilitwaa Grey Cup 1995, na kabla ya msimu wa 1996 klabu zote za Marekani zilikuwa zimetoweka, wenye Baltimore wakihamia Montreal. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kushtuka anaposikia namba 100. Hata hivyo hofu hiyo ina tundu. Kikwazo kikubwa cha kuucheza mchezo wa Kanada katika viwanja vya Marekani ni upana pamoja na urefu. Kama nia ingekuwa kuhamia kusini, ingebidi yadi 65 ziguswe, nazo hazikuguswa. Pia ni vizuri kukumbuka kwamba hata nyumbani vipimo havijawahi kuwa msahafu. Kule BMO Field, Toronto, maeneo ya mwisho yamekuwa ya yadi 18, na mechi zimechezwa bila mtu kudai kwamba si futiboli ya Kanada.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya rekodi, kwamba uwanja ukifupishwa namba za wakongwe zinakosa maana kwa kuwa hazitalinganishika. Hazijawahi kulinganishika kwa namna hiyo. Reed alipoanza kucheza, maeneo ya mwisho yalikuwa ya yadi 25. Yalipunguzwa hadi 20 mwaka 1986, na leo watu wanazililia zile 20 kana kwamba zilishuka na mvua. Tachidauni ilikuwa pointi 5 mpaka 1956, kwa hiyo Johnny Bright, mkimbiaji aliyeanza Calgary 1952 na kuacha nyuma yadi 10,909, alicheza misimu yake minne ya kwanza katika hesabu nyingine kabisa. Reed alimpita Bright 1971 bila mtu kuuliza. Alipita jumla ya Jim Brown wa NFL, ligi ya Marekani, yadi 12,312, mwaka 1973, na jumla yake haikufikiwa na mkimbiaji wa NFL mpaka Walter Payton alipoipita 1986. Mike Pringle, aliyempita katika CFL mwaka 2004 na kumaliza na yadi 16,425, alipitisha sehemu kubwa ya maisha yake katika misimu ya mechi 18, wakati Reed alicheza misimu ya mechi 16. Na Pringle huyohuyo alijijengea jina Baltimore, katika ule upanuzi ambao watu wanautaja kama dhambi ya ligi. Rekodi ya Reed ya tachidauni 134 za kukimbia bado imesimama, na atakayekuja kuivunja, kama atakuja, ataivunja chini ya kanuni za enzi yake. Kulinganisha enzi ni kazi ya msomaji mwenye subira. Kanuni haziwezi kuifanya kwa niaba yake.

Kuna jambo jingine ambalo masimulizi mengi juu ya Reed yanalipita haraka. Kanada hupenda kujieleza kama nchi iliyowafungulia mlango wachezaji Weusi waliofungiwa Marekani, na ukweli wa hilo upo. Herb Trawick aliingia Montreal 1946. Bernie Custis alicheza kama kwotabeki Hamilton 1951, nafasi ambayo ligi ya Marekani ilikuwa ikiwanyima Weusi. Warren Moon alikwenda Edmonton 1978 kwa sababu ileile, akashinda Grey Cup tano mfululizo. Lakini mlango wa klabu si mlango wa nyumba. Reed na mkewe walipofika Regina walikuta wenye nyumba wasiotaka kumpangisha Mweusi, wakati maelfu ya watu wakijaa uwanjani kumshangilia. Anayejua maisha ya mgeni katika miji ya Kanada leo, wakiwemo Wakongo na Wasomali wanaozungumza Kiswahili huko Regina na Edmonton, hatahitaji kuelezwa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuishi katika mji mmoja. Reed alibaki. Mwaka 1978 alipewa nishani ya Order of Canada, mwaka 1979 akaingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa futiboli ya Kanada, na leo sanamu yake imesimama kwenye uwanja wa Mosaic na barabara ya hapo ina jina lake. Heshima hizo ni za haki. Ubaya wake ni kwamba zinamkumbuka Reed wa mpira mkononi, na sehemu ya urithi wake yenye faida kubwa kwa mjadala wa sasa haikufanyika akiwa na mpira.

Kuanzia 1972 hadi 1981, na tena kuanzia 1986 hadi 1993, George Reed alikuwa rais wa chama cha wachezaji wa CFL, kilichoanzishwa 1965. Tazama miaka hiyo kwa makini. Kipindi cha kwanza kilianza angali anacheza. Mwaka 1974 wachezaji waligoma wakati wa kambi za mazoezi, mgomo wao wa kwanza, na ukamalizika kabla msimu haujaanza. Msimu huo rais wao alikimbia yadi 1,447. Uzito wa jambo hilo unaeleweka ukijua mikataba ya mchezo huu ilivyo. Mchezaji wa kawaida huweza kuachwa na klabu karibu wakati wowote na malipo yake kukatika, na kwa miaka mingi hapakuwa na dhamana ya mshahara kama wanayoizoea wachezaji wa soka wa Ulaya. Mtu anayeweza kuachwa Jumatatu hawezi kusema neno gumu Jumapili. Chama kilihitaji msemaji ambaye mwenye klabu hawezi kumfukuza bila mkoa mzima kuinuka, na fulbeki wa yadi 4.97 alikuwa mtu huyo. Alitumia thamani yake ya uwanjani kuwakinga wasio na thamani hiyo. Kipindi cha pili kilikuwa cha shida zaidi: klabu ya Montreal ilikufa 1987 msimu ukiwa mlangoni, na kuelekea 1993 ligi ilikuwa ikijiandaa kuingia Marekani, ambako klabu mpya hazikubanwa na idadi ya lazima ya wachezaji Wakanada.

Ukiutazama urithi huo, unaona ni wapi mageuzi ya 2025 yanapochechemea. Yalipitishwa na bodi ya magavana, yaani wenye klabu, kisha yakatangazwa. Wanaoyatetea husema kanuni za uwanjani ni kazi ya ligi, na mishahara ndiyo kazi ya chama. Mgawanyo huo unapendeza mpaka ufuate hesabu. Wapigaji teke wengi wa ligi hii ni Wakanada, na nafasi zao huihesabia klabu katika idadi ya lazima ya wenyeji. Teke la kawaida likiongezwa yadi 15, mpigaji anayeaminika mpaka yadi 45 tu anapoteza sehemu kubwa ya sababu ya kuajiriwa, na klabu itaanza kutafuta miguu mirefu nje, kama inavyowatafuta Waaustralia kwa mateke ya mbali. Klabu ikimweka mgeni mahali pa Mkanada, italazimika kumtafutia Mkanada nafasi kwingine kikosini, na mnyororo huo unagusa ajira za watu ambao hawajawahi kupiga teke maishani. Mkimbiaji naye anayetumwa kwenye jaribio la tatu mara mbili zaidi kwa mechi anaongezewa migongano zaidi ya 30 kwa msimu wa mechi 18, ile ya aina mbaya zaidi, akiwa ameinama na watu watatu wakimjia. Reed alistahimili mara 3,243. Wengi hawafikii hata theluthi ya hizo magoti yakiwa salama. Mageuzi yanayohamisha kazi kutoka mguu wa mtu mmoja kwenda magoti ya mwingine ni suala la mkataba, hata kama yameandikwa katika kitabu cha kanuni.

Wachezaji wamekwisha kuonyesha kwamba somo la 1974 halijafutika. Mei 2022 waligoma tena, mara ya pili katika historia ya ligi, huku klabu mbili za Alberta zikilazimika kusubiri kwa sababu ya sheria ya kazi ya jimbo lao. Viongozi wao walipoleta makubaliano ya kwanza, wachezaji waliyakataa kwa kura, na ya pili ndiyo yaliyopita. Mkataba uliotoka hapo ni wa miaka 7, kwa hiyo mazungumzo ya unaofuata yatafanyika wakati misimu ya mwanzo ya uwanja mfupi ikiwa imekwisha kuchezwa na takwimu zake zikiwa mezani.

Chama kikienda huko kikibishania yadi 110, kitapoteza muda wake. Kinachofaa kupelekwa ni orodha fupi. Ya kwanza ni idadi ya majaribio ya tatu yaliyochezwa kwa kukimbia kabla na baada ya 2027, klabu kwa klabu, pamoja na majeruhi wa kila moja. Kisha dhamana ya mshahara kwa mkimbiaji aliyeumia katika jaribio la namna hiyo, kwa msimu uliobaki na unaofuata. Kisha ulinzi wa nafasi ya mpigaji teke Mkanada katika idadi ya lazima kwa angalau misimu miwili ya mpito. Na mwisho, kiti chenye kura katika kamati ya kanuni, kikaliwe na mchezaji ambaye klabu yake haiwezi kumwacha kirahisi. Saskatchewan, ambayo Novemba 2025 ilitwaa Grey Cup yake ya tano kwa kuifunga Montreal 25 kwa 17, ina kila sababu ya kumtoa mtu huyo.